Kupunguza GIF bila kuua mjongeo wake

Mteja analeta steshenari tangazo lake la dagaa: GIF ya sekunde 4, mtumbwi unakatiza mbele ya Jiwe la Bismarck, kisha yanajitokeza maandishi ya bei ya gunia na namba ya simu ya muuzaji wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Ni pana mno kwa tovuti yake, anataka ipungue. Ikifunguliwa kwa Paint, ikapunguzwa na kuhifadhiwa, mtumbwi unaganda. Ikipitishwa kwenye programu nyingine, mtumbwi unakwenda, ila unaacha nyuma mkia wa vipande vya mtumbwi. Shida zote mbili huitwa kwa jina moja, "GIF imeharibika", lakini chanzo chake si kimoja.

Ya kwanza ni nyepesi. Paint ya Windows husoma fremu ya kwanza tu (fremu ni kila picha moja katika mfululizo unaofanya mjongeo) na kuzitupa zilizobaki, na sehemu ya kukata picha kwenye galari za simu nyingi hufanya vivyo hivyo. Kuhifadhi kama JPG ni kuua moja kwa moja, kwa kuwa JPG ni picha moja. Kubadilisha jina la faili kutoka .jpg kwenda .gif baadaye hakufufui kitu. Dawa ni kurudi kwenye faili la awali na kutumia programu inayojua fremu.

Ya pili ndiyo inayohitaji maelezo.

Kwa nini mtumbwi unaacha mkia

GIF ni mfululizo wa fremu, lakini si kila fremu ni picha nzima. Chukulia tangazo letu lina upana wa pikseli 800 (pikseli ni nukta ndogo za rangi zinazounda picha) na kimo cha 600, fremu 50, kila moja ikikaa sehemu 8 za mia za sekunde. Mawe hayatikisiki, anga haitikisiki. Aliyeitengeneza vizuri hakuyahifadhi mawe yale yale mara 50: fremu ya kwanza ina picha yote, na zinazofuata ni viraka tu, kila kiraka kikiwa na vipimo vyake na mahali pa kubandikwa. Faili hubeba pia maelekezo ya kila kiraka: kibaki kilipo, kifutwe, au picha irudi ilivyokuwa kabla yake.

Sasa ipunguze GIF hiyo kutoka upana wa 800 hadi 300. Kiraka kilichoanzia pikseli ya 133 chenye upana wa 57 kinatakiwa kianzie 49.875 na kiwe na upana wa 21.375. GIF haijui desimali. Inakuwa 50 na 21, na ukingo wa kulia uliotakiwa kufika 71.25 unaishia 71. Panapobaki mwanya ndipo rangi za fremu iliyopita zinapochungulia, na fremu inayofuata inaongeza mwanya wake. Huo ndio mkia. Kuna programu zinazofanya vibaya zaidi: zinakichukua kila kiraka na kukinyoosha kijaze picha nzima, ukaona mtumbwi ghafla umekuwa mkubwa kama kivuko cha Kamanga.

Kwa hiyo kazi ina hatua tatu, programu iwe yoyote: tandaza fremu zote ziwe picha kamili, punguza, kisha zibane upya. Anayeruka ya kwanza anapata mkia. Anayeruka ya tatu anaweza kupata faili dogo kwa vipimo lakini zito kuliko la awali, kisha anashangaa.

Ukubwa upi unaoupunguza?

Mtu akisema "nipunguzie saizi" muulize: vipimo au uzito? Vipimo ni upana na kimo kwa pikseli. Uzito ni KB na MB. Tovuti ikidai picha isizidi upana wa 400, hilo ni la vipimo. Barua pepe ikikataa kiambatisho, hilo ni la uzito. Vinahusiana, kwani ukipunguza upana na kimo kwa nusu, pikseli zinabaki robo: 800 kwa 600 ni 480,000, na 400 kwa 300 ni 120,000. Lakini uzito haushuki hadi robo hiyo kamili kila mara, na sababu yake tutaiona tukifika kwenye maji.

Tunza nakala ya faili la awali kwenye folda nyingine kabla ya kugusa chochote. Kila upunguzaji hutupa taarifa, na ukipunguza faili lililokwisha kupunguzwa unapata ukungu juu ya ukungu. Kukuza GIF ndogo ndiyo kazi ya hasara kabisa. Kama video iliyozaa GIF ipo, anza upya na video.

Gifsicle, kwa kompyuta na kwa simu

Hii ni programu ndogo ya bure inayofanya kazi ya GIF peke yake, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Haina vitufe, unaandika amri. Kwenye Ubuntu unaiweka kwa sudo apt install gifsicle. Kwenye simu ya Android, weka Termux, programu ya kuandikia amri, kisha andika:

pkg install gifsicle
termux-setup-storage
cd ~/storage/downloads

Ya kwanza inahitaji intaneti, ya pili inaomba ruhusa ya kusoma mafaili ya simu, ya tatu inakupeleka kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Baada ya hapo bando halihitajiki tena: unaweza kufanya kazi ukiwa katikati ya ziwa unaelekea Nansio, mtandao umekatika.

Kabla ya kupunguza, chungulia ndani ya faili:

gifsicle -I tangazo.gif

Itakuonyesha idadi ya fremu, vipimo, kama inajirudia bila kikomo, na muda wa kila fremu. Andika idadi ya fremu pembeni, utaihitaji mwishoni. Kisha:

gifsicle -U --resize-width 400 -O3 tangazo.gif -o tangazo-400.gif

Hapo -U inatandaza fremu, --resize-width 400 inapunguza upana huku kimo kikifuata chenyewe kwa uwiano, na -O3 inabana upya kwa nguvu zote. Kama unataka picha ienee ndani ya kisanduku fulani bila kupotoshwa, tumia --resize-fit 400x400. Angalia sana neno la mwisho, -o na jina jipya. Ukitumia -b badala yake, gifsicle inaandika juu ya faili lile lile na la awali limekwenda.

Wakati mwingine utapata onyo kwamba GIF ni changamano mno kutandazwa. Maana yake fremu zake zina paleti za rangi tofauti tofauti. GIF inaruhusu rangi 256 kwa paleti, na kila fremu inaweza kuja na paleti yake. Ziunganishe kwanza:

gifsicle --colors=255 tangazo.gif -o hatua1.gif

kisha rudia amri ya kupunguza ukitumia hatua1.gif. Kwa nini 255 na si 256? Nafasi moja inaachwa kwa ajili ya pikseli za uwazi, zisizo na rangi yoyote.

Gifsicle ina tabia moja inayowachanganya wengi: kwa kawaida haiongezi rangi mpya inapopunguza. Kwa picha ya mawe na anga hilo halionekani. Kwa maandishi meusi juu ya nyeupe linaonekana sana, herufi zinakuwa na meno kama ya msumeno, kwa sababu hakuna kijivu cha kulainisha kingo. Ongeza --resize-colors 64 kwenye amri, herufi zitalainika.

ImageMagick

Ukitaka kingo laini zaidi, au faili si GIF bali WebP inayocheza (aina nyingine ya faili la picha), tumia hii, nayo ni programu ya amri:

magick tangazo.gif -coalesce -resize 400x -layers optimize tangazo-400.gif

Kwenye toleo la 6, ambalo bado limejaa kwenye kompyuta nyingi, neno la kwanza ni convert badala ya magick. Neno -coalesce ndilo linalotandaza fremu, na ni lazima lije kabla ya -resize. Ukiligeuza, unarudi kwenye mtumbwi mkubwa kama kivuko. Andika 400x300 na picha itaenea ndani ya kisanduku hicho bila kupotoshwa. Ukiongeza alama ya mshangao mwishoni, 400x300!, unailazimisha ijae, na kama uwiano wa picha si huo, watu watapotoka, wawe wanene au wembamba.

ImageMagick inakula kumbukumbu. Fremu 50 za 800 kwa 600 zikitandazwa ni pikseli milioni 24, na kila pikseli inashikwa kwa baiti kadhaa, hivyo kazi moja inaweza kuchukua mamia ya MB. Kompyuta yenye RAM ndogo itakwama au kutoa ujumbe wenye maneno cache resources exhausted. Kwa GIF ndefu rudi kwenye gifsicle.

Michoro ya vijiwe vya pikseli, ile ya michezo ya zamani, isilainishwe. Badala ya -resize weka -sample, na punguza kwa nusu au robo kamili, si kwa asilimia 37.

Kwa wasiopenda amri: GIMP

Fungua GIF kwenye GIMP na kila fremu itakaa kama leya, yaani tabaka moja la picha. Majina ya leya yana muda, tuseme 100ms, pamoja na neno combine au replace. Combine maana yake kiraka kinabandikwa juu ya kilichopo. Replace maana yake fremu inachukua nafasi ya iliyotangulia. Usiyabadilishe majina hayo, ndiyo saa ya mjongeo.

Fuata mpangilio huu bila kuruka. Nenda Image, Mode, chagua RGB. Ukipunguza picha ikiwa bado kwenye hali ya Indexed, yaani ya paleti, GIMP hailainishi chochote na kingo zinakatika. Kisha Filters, Animation, Unoptimize. Hapa ndipo wengi wanapopotea: GIMP inafungua picha mpya, na ya zamani inabaki imefunguliwa vilevile. Fanya kazi kwenye mpya. Nenda Image, Scale Image, andika upana, hakikisha mnyororo kati ya upana na kimo umefungwa. Iwe Scale Image, si Scale Layer, maana Scale Layer inapunguza leya moja tu na kuacha 49 zilivyo. Rudi Filters, Animation, chagua Optimize for GIF, ambayo nayo inafungua picha nyingine mpya.

Mwisho ni File, Export As, andika jina linaloishia na .gif. Kwenye dirisha litakalotokea weka tiki kwenye As animation. Tiki hiyo ikikosekana, leya zote zinapondwa kuwa picha moja. Weka tiki kwenye Loop forever kama unataka ijirudie. Usiweke tiki kwenye sehemu inayolazimisha muda mmoja kwa fremu zote: kama GIF yako ina fremu ya bei inayokaa sekunde 2 ili mtu aisome, itapita kama upepo.

Njia ya tovuti

Ezgif ni tovuti inayofanya haya yote ndani ya kivinjari: unapakia faili, unaingia sehemu ya resize, unaandika upana, unachagua njia, unapakua. Kati ya njia inazotoa, ichague yenye neno coalesce ukiona mkia kwenye ile ya kwanza. Inafaa kwa faili moja moja. Kwa mafaili 30 ya duka la samaki, kupakia na kupakua kunamaliza bando, na kazi ya mteja yenye mambo ya siri haina sababu ya kupita kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Mawe ni rahisi, maji ni gharama

Sasa lile la uzito. GIF hubana kwa kutafuta mafungu ya pikseli yanayojirudia, na kwa kuacha kuhifadhi kisichobadilika kati ya fremu. Jiwe lililosimama linabanika vizuri mno. Ziwa lenye viwimbi na jua la saa kumi linametameta ni adui: kila pikseli ya maji inabadilika kila fremu, hakuna kinachojirudia, hakuna kiraka kidogo. GIF mbili zenye vipimo sawa na fremu sawa, moja ya jiwe na moja ya ziwa, zitatofautiana uzito sana.

Kulainisha wakati wa kupunguza nako kunaongeza rangi za katikati, na programu inapozirudisha kwenye 256 inatia vitone vya kuchanganya rangi. Vitone hivyo vinavuruga mafungu yanayojirudia. Ndiyo maana GIF iliyopunguzwa kidogo tu, tuseme kutoka 800 hadi 720, mara nyingine inatoka nzito kuliko ilivyoingia. Punguza kwa hatua ya maana au usipunguze.

Ukibanwa na uzito, jaribu hivi kwa mfuatano. Kwanza kata maji yasiyo na kazi. Kama tangazo ni la mtumbwi, nusu ya chini ya picha haina kazi. Pili punguza rangi kwa --colors 128, kisha 64, ukitazama anga, maana anga ndiyo inayoonyesha michirizi mapema. Tatu ongeza --lossy=40, ambayo inakubali kasoro ndogo ili faili libanike; ukifika 80 na kuendelea, chenga zinaonekana. Nne, ondoa fremu moja kati ya kila mbili na uongeze muda wa zinazobaki mara mbili:

gifsicle -U -d 16 tangazo.gif $(seq -f "#%g" 0 2 49) --resize-width 400 -O3 -o tangazo-nusu.gif

Hapo fremu 50 zinabaki 25, na muda umetoka 8 kwenda 16, kwa hiyo tangazo bado ni la sekunde 4. Ukisahau -d, mtumbwi utakwenda kasi ya boti ya doria. Tahadhari: -d 16 inaweka muda ule ule kwa fremu zote, hata kama ile ya bei ilikuwa na muda wake.

Muda wenyewe una mtego. GIF inahesabu kwa sehemu za mia za sekunde, na vivinjari vikikuta 0 au 1 vinaichukulia kama 10. Mtu anaweka 1 akitaka kasi kubwa, anapata mwendo wa kobe. Kiwango cha chini kinachoheshimiwa ni 2.

Kingo zenye ukungu mweupe

Nembo isiyo na usuli ikipunguzwa hutokea na utepe mweupe pembeni ukiiweka juu ya rangi nyeusi. GIF haijui nusu uwazi: pikseli ama ipo ama haipo. Kulainisha kunachanganya kingo na nyeupe iliyokuwa nyuma, na mchanganyiko huo unabaki. Kama unajua rangi ya ukurasa utakapokaa, jaza usuli kwa rangi hiyo kabla ya kupunguza. Kama hujui, tumia WebP, ambayo ina uwazi wa viwango.

WhatsApp na stika

WhatsApp huigeuza GIF kuwa video fupi ya MP4, hivyo kuhangaika na rangi 256 kwa ajili ya kundi la michango ya harusi ni kazi bure. Tengeneza MP4 moja kwa moja kwa ffmpeg, programu ya amri ya kugeuza video:

ffmpeg -i tangazo.gif -vf "scale=400:-2" -pix_fmt yuv420p -movflags +faststart tangazo.mp4

Ile -2 inahakikisha kimo kinagawanyika kwa 2, bila hivyo kazi inakataa kwa ujumbe wa kosa; yuv420p ndiyo inayokubalika kwenye simu nyingi. Kwa maji ya ziwa, MP4 inaishinda GIF kwa mbali sana. Ukitaka GIF yenyewe ifike kama ilivyo, iambatishe kama dokumenti. Mpokeaji atalazimika kuifungua ndiyo icheze.

Stika inayocheza ina masharti yake: WebP, pikseli 512 kwa 512 kamili, uzito chini ya KB 500, isizidi sekunde 10.

ffmpeg -i tangazo.gif -vf "scale=512:512:force_original_aspect_ratio=decrease,format=rgba,pad=512:512:-1:-1:color=black@0" -loop 0 -quality 50 stika.webp

Ikizidi KB 500, shusha 50 hadi 30 kabla ya kugusa fremu. Kisha iingize kwa programu yoyote ya kutengeneza stika.

Kabla ya kumkabidhi mteja

Endesha gifsicle -I kwenye faili jipya. Idadi ya fremu ilingane au ikaribiane na uliyoiandika pembeni, au nusu yake kama uliziondoa kwa makusudi. Ikiwa 1, umerudi Paint. Ifungue kwenye Chrome, si kwenye galari, kwani zipo galari zinazoonyesha GIF nzima ikiwa imeganda hata kama faili halina kosa. Iache izunguke mara tatu, ukitazama mzunguko wa pili, maana mkia hujificha kwenye mzunguko wa kwanza pale fremu ya mwisho inapokutana na ya kwanza.

Kama itatumwa kwa barua pepe, kumbuka Outlook za kompyuta za 2007 hadi 2016 zinaonyesha fremu ya kwanza peke yake. Tangazo letu linaanza na mtumbwi na ziwa tupu. Mwenye Outlook hiyo ataona mandhari nzuri bila bei wala namba. Hamisha fremu ya bei iwe ya kwanza, kisha mtumbwi ufuate.